Super Mazembe: mashine ya muziki iliyotoka kwetu

Redio ikipiga "Kassongo" hapa Yanonge, wazee wanasimama kucheza. Vijana wengi wanafikiri ile ni bendi ya Kenya. Hapana, ba kamarade, ni batu ya kwetu Kongo.

Walianza mwaka 1967 kwa jina la Super Vox, chini ya Mutonkole Longwa Didos. Mwaka 1974 wakahamia Nairobi, wakajiita Super Mazembe. Mazembe njo zile mashine kubwa za kuhamisha udongo; sisi batu ya mashimo tunajua nguvu yake. Jina liliwafaa. Mwimbaji Lovy Longomba, mtoto wa Vicky Longomba wa OK Jazz, alikuwa nao. Waliurudilia wimbo wa Nguashi Timbo, "Shauri Yako", ukapendwa Afrika Mashariki nzima. Miaka ya 1980 kampuni Virgin ya Uingereza ikatoa sahani yao, "Kaivaska".

Lakini mgeni ni mgeni. Serikali ya Kenya ilianza kubana vibali vya kazi vya wanamuziki wa kigeni, na mwaka 1985 bendi ikavunjika. Mbele ya karatasi, sifa haisaidii kitu.

Na sisi ni vile vile. Unaacha kijiji, unafuata dhahabu ama almasi mbali, unategemea mikono tu. Siku ya kufukuzwa, mikono haizungumzi. Jumamosi cheza "Kassongo", ni haki yako. Jumatatu, uliza kadi yako ya mchimbaji iko wapi.