Nani Humlipa Wakala? Njia ya Kazi kutoka Afrika Mashariki hadi Doha

Wakala wa ajira ni mtu au kampuni inayosimama kati ya anayetafuta kazi na anayetafuta mfanyakazi, ikawakutanisha kwa malipo, na swali la nani anayatoa malipo hayo ndilo linaloamua, kuliko jambo jingine lolote, kama mtu asiye na kazi atasaidiwa au atatumbukizwa katika deni. Swali hili lina uzito wa pekee kwa Wakenya, Waganda na Watanzania wanaoelekea Doha, mji mkuu wa Qatar, kwa sababu ni wachache miongoni mwao wanaopata kazi kwa kumwandikia mwajiri moja kwa moja. Kazi za ulinzi, usafi, hoteli, udereva na za nyumbani, ambazo ndizo zinazowachukua wengi wao, hupitia mikononi mwa wakala, na si ajabu zikapitia mikono miwili au mitatu kabla ya msafiri kupanda ndege Nairobi, Entebbe au Dar es Salaam.

Kisheria jibu liko wazi. Sheria ya Kazi ya Qatar, yaani Sheria Na. 14 ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 33, inamkataza mwenye leseni ya kuleta wafanyakazi kutoka nje asipokee kwa mfanyakazi fedha yoyote, iwe imeitwa ada, gharama au kwa jina lingine. Msimamo huo unalingana na Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1997, ambao kanuni yake ya msingi ni kwamba wakala binafsi hapaswi kumtoza mfanyakazi, wala waziwazi wala kwa kuzunguka. Anayelipa ni mwajiri, kwa kuwa yeye ndiye aliyeagiza huduma, na ushahidi wa hilo umo katika bei zenyewe: mwaka 2022 serikali ya Qatar iliweka kikomo cha kiasi ambacho ofisi za Doha zinaweza kuidai familia inayotaka mfanyakazi wa nyumbani, na kikomo hicho kilikuwa riyali 17,000 kwa mfanyakazi kutoka Indonesia, riyali 15,000 kwa Mfilipino, na riyali 9,000 kwa Mkenya au Mwethiopia. Maana yake ni kwamba binti wa Kilifi au Kakamega anapoambiwa atoe fedha ya wakala, ya viza na ya tiketi, yupo mtu Doha ambaye amekwisha kulipia safari hiyohiyo, na fedha anayodaiwa binti huyo ni malipo ya pili kwa kazi moja.

Malipo hayo ya pili hayatokei kwa bahati mbaya. Ofisi ya Doha huagiza watu kwa ofisi ya Nairobi au Kampala, nayo ofisi hiyo, ambayo haina matawi vijijini, huwategemea madalali wasio na leseni, ambao wanaweza kuwa jirani wa mtafuta kazi, mwalimu wake wa zamani, muumini mwenzake, au binamu yake aliyewahi kuishi Ghuba, na kila mmoja katika mnyororo huo hutaka chake. Kwa kuwa mwajiri analipa mara moja na kwa kiasi kinachojulikana, tofauti hulazimika kutoka kwa yule aliye mwisho wa mnyororo, ambaye hana nguvu ya kujadili bei kwa sababu ndiye mwenye haja kubwa zaidi. Hesabu yake ni chungu. Kima cha chini cha mshahara nchini Qatar, kilichowekwa na Sheria Na. 17 ya mwaka 2020 na kuanza kutumika tarehe 20 Machi 2021, ni riyali 1,000 kwa mwezi, pamoja na riyali 500 za malazi na 300 za chakula ikiwa mwajiri hatoi vitu hivyo mwenyewe. Dola moja ya Marekani hubadilishwa kwa riyali 3.64, hivyo mtu aliyekopa dola 1,000 ili amlipe dalali huwa amekopa riyali 3,640, yaani mshahara wa msingi wa zaidi ya miezi mitatu na nusu, kabla hajatuma senti nyumbani na kabla riba haijahesabiwa. Mwenye deni la namna hiyo hawezi kukataa kazi asiyoiafiki, wala kulalamika, wala kurudi, na hapo ndipo lilipo dhara kubwa la ada haramu, kwa maana fedha inaweza kupatikana tena lakini uhuru wa kusema hapana umeuzwa kabla ya safari kuanza.

Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo mtafuta kazi anapaswa kulitazama ni mamlaka ya wakala, kabla ya uzuri wa ofisi yake na wingi wa picha za majengo marefu ya West Bay, Doha, ukutani. Mamlaka hayo yana sehemu mbili. Ya kwanza ni leseni ya nchi anakotoka mfanyakazi. Nchini Kenya leseni ziko chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo huchapisha orodha ya mawakala walioidhinishwa. Nchini Uganda kazi hiyo ni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, ambayo ina mfumo wa kielektroniki wa kusajili kazi za nje. Na Tanzania Bara ipo TaESA, ambayo ni chombo cha serikali cha huduma za ajira. Orodha hizo hazikuwekwa kwa mapambo. Mwaka 2014 serikali ya Kenya ilifuta leseni za mawakala zaidi ya 900 baada ya malalamiko mengi ya wafanyakazi wa nyumbani waliokuwa Mashariki ya Kati, ikasimamisha kwa muda upelekaji wa watu huko, nayo Uganda ilichukua hatua ya namna hiyo mwanzoni mwa mwaka 2016. Wakala aliyekuwa na leseni mwaka juzi, basi, anaweza asiwe nayo leo, na cheti kilichowekwa katika fremu hakithibitishi lolote mpaka jina lake lionekane katika orodha ya sasa.

Sehemu ya pili, ambayo watu wengi hawaiulizii, ni karatasi zinazotoka kwa mwajiri. Kampuni ya Doha inayotaka walinzi 50 kutoka Kenya huandika barua ya mahitaji, inayotaja idadi ya watu, aina ya kazi, mshahara, saa na muda wa mkataba, ikaambatanisha hati ya uwakilishi inayompa wakala fulani, kwa jina lake, uwezo wa kuwatafuta watu hao. Barua yenye kasoro hujitambulisha yenyewe: mshahara umeandikwa kwa dola badala ya riyali, jina la wakala limeachwa wazi, au kazi imeelezwa kwa maneno ya jumla kama vile msaidizi au kibarua bila kutaja mahali. Wakala halali hana sababu ya kuificha barua hiyo, kwa kuwa ndiyo inayompa haki ya kufanya biashara, na anayesema kwamba ni siri ya ofisi amekwisha kujibu swali aliloulizwa.

Lipo jambo lingine linalowachanganya wengi, nalo ni tofauti kati ya wakala anayeunganisha na kampuni inayokodisha watu. Wakala wa aina ya kwanza humaliza kazi yake mfanyakazi anapofika kwa mwajiri. Kampuni ya aina ya pili, ambayo Waafrika Mashariki wa Doha huiita manpawa, ndiyo mwajiri mwenyewe kisheria: ndiyo iliyomletea mfanyakazi viza, ndiyo inayomlaza katika kambi, na ndiyo inayompeleka leo hotelini, mwezi ujao kwenye duka kubwa, na mwezi wa tatu kwenye lango la chuo, kulingana na mikataba iliyo nayo na wateja wake. Kanuni za Tanzania za mwaka 2014 kuhusu mawakala binafsi zilikataza wakala kuwa mwajiri wa mtu aliyemtafutia kazi, kwa hiyo Mtanzania anayefika Doha anaweza kukutana kwa mara ya kwanza na mpango ambao kwao umepigwa marufuku, na asijue kwamba hoteli anayoisafisha kila siku si mwajiri wake.

Udhaifu wa mpango huo huonekana pale mteja anapovunja mkataba. Mfanyakazi hubaki kambini bila kituo cha kazi, hali ambayo wenyewe huiita stendibai, na kampuni zisizo na uaminifu hujaribu kumlipa nusu au kutomlipa kabisa, ingawa yeye hakuacha kazi wala hakufukuzwa. Baada ya Kombe la Dunia la Qatar kumalizika tarehe 18 Desemba 2022, walinzi walioletwa kwa ajili ya mashindano hayo walijikuta hawahitajiki tena, wengine mikataba yao ikiwa haijafika mwisho. Miezi michache kabla ya hapo, mwezi Aprili 2022, shirika la Amnesty International lilikuwa limetoa ripoti kuhusu walinzi wa Qatar, wakiwemo Wakenya na Waganda, iliyoeleza zamu za saa 12 kwa siku saba za juma na miezi kupita bila siku ya mapumziko. Anayepewa mkataba wa manpawa, kwa hiyo, anahitaji kuuliza kabla ya kutia saini kama mshahara wa msingi utalipwa hata wakati hakuna kituo, na jibu liwe limeandikwa ndani ya mkataba.

Hatari zaidi ni ile inayoitwa viza huru, jina zuri kwa kitu kibaya. Katika mpango huu mtu huuziwa viza ya kampuni isiyo na kazi ya kumpa, wakati mwingine kampuni iliyopo kwenye makaratasi tu, akaambiwa kwamba akifika atakuwa huru kutafuta kazi popote. Kitambulisho cha ukaazi cha Qatar huonyesha, upande wake wa nyuma, jina la mwajiri, na mwenye viza huru hutembea na jina la kampuni ambayo hajawahi kuikanyaga, huku akiosha magari au akijenga kwa mtu mwingine. Sheria Na. 21 ya mwaka 2015, inayosimamia kuingia, kutoka na kuishi kwa wageni, hairuhusu kumfanyia kazi asiye mwajiri wako bila idhini, hivyo mtu huyo anaweza kukamatwa na kurudishwa kwao, na hawezi kumshtaki anayemdhulumu mshahara bila kujifichua mwenyewe. Viza ya matembezi inayouzwa kwa ahadi ya kubadilishwa huko mbele ina hatari hiyohiyo.

Kwa wafanyakazi wa nyumbani mambo yana sura ya peke yake, na yanastahili kusemwa bila kuzungukwa, kwa kuwa ndio walio mbali zaidi na macho ya watu. Wao hawamo katika Sheria ya Kazi ya mwaka 2004. Wanalindwa na Sheria Na. 15 ya mwaka 2017, inayoweka kikomo cha saa 10 za kazi kwa siku, siku moja ya mapumziko kwa juma na majuma matatu ya likizo yenye malipo kwa mwaka. Ofisi iliyowaleta huipa familia dhamana, ambayo mwaka 2021 ilirefushwa hadi miezi 9, kwamba mfanyakazi akikataa kazi au akiondoka katika muda huo familia itarudishiwa fedha au sehemu yake. Dhamana hiyo inaeleza kwa nini mfanyakazi anayepiga simu ofisini kulalamika kwamba hapewi siku ya mapumziko mara nyingi huambiwa avumilie: akiondoka, ofisi inapata hasara. Wakala aliyempokea kwa tabasamu uwanja wa ndege anamtumikia aliyemlipa, na mfanyakazi akilijua hilo mapema atatafuta msaada wake kwingine, yaani ubalozini na katika Wizara ya Kazi. Kenya, Uganda na Tanzania zote zina balozi Doha, na kuandikisha jina na namba ya simu huko mara baada ya kufika ni kinga ambayo haigharimu kitu.

Mtu anayetaka kubadili kazi, au aliyeipoteza, akiwa tayari Doha ana nafasi pana kuliko ile waliyokuwa nayo waliomtangulia. Zamani hakuweza kuhama bila barua ya mwajiri ya kutokuwa na pingamizi, lakini mabadiliko ya mwaka 2020 yaliondoa sharti hilo, na sasa anaweza kuhamia kwa mwajiri mpya kupitia mfumo wa kielektroniki wa Wizara ya Kazi, kwa kutoa notisi ya mwezi mmoja ikiwa hajazidisha miaka miwili kazini, au miezi miwili ikiwa amezidisha. Wapo waajiri wanaoendelea kuidai barua ya zamani, na wapo mawakala wa mjini wanaojitolea kuitafuta kwa malipo, wakiuza kitu ambacho sheria haikihitaji tena. Kibali cha ukaazi kikifutwa mtu ana siku 90 za kuondoka, na katika siku hizo ni bora aende mwenyewe kwenye usaili wa wazi, ambao hoteli na kampuni za ulinzi huutangaza mara kwa mara, kuliko kumwachia mtu pasipoti na riyali zake. Pasipoti hasa haiachwi kwa yeyote, awe wakala au mwajiri, kwa kuwa kuishikilia ni kosa lenye faini ya hadi riyali 25,000.

Mshahara usiolipwa hudaiwa mbele ya Kamati za Kusuluhisha Migogoro ya Kazi, zilizoanza mwaka 2018, ambazo hutakiwa kutoa uamuzi ndani ya majuma matatu tangu kikao cha kwanza. Kamati hizo, hata hivyo, husikiliza madai ya mfanyakazi dhidi ya mwajiri wake. Fedha iliyolipwa kwa dalali wa Mombasa au Mbale haimo katika uwezo wao, na dai lake hulazimika kupelekwa nyumbani, kwa mamlaka iliyotoa leseni au kwa polisi, ambako jambo la kwanza atakaloulizwa mlalamikaji ni risiti. Malipo mengi ya aina hiyo hufanywa kwa fedha taslimu mkononi, au kwa simu kwenda kwa namba ya mtu binafsi isiyo na jina la kampuni, na ujumbe wa muamala uliohifadhiwa huwa ndio karatasi pekee inayobaki ya kuonyesha kwamba fedha ilitoka, siku gani, na ilikwenda kwa nani.