Kani Ishikayo Gurudumu la Lori

Mtu apitaye Chalinze, au mahali popote wasimamapo madereva wa malori, hakosi kumwona utingo akifunga gurudumu baada ya kubadilisha tairi. Huchomeka bomba la chuma katika mpini wa spana, hupanda juu yake, kisha hurukaruka mpaka nati ilie. Wengi huamini kwamba nati iliyofungwa hivyo haiwezi kulegea kamwe. Je, ni kweli?

Kabla ya kujibu, tujiulize swali jingine: ni kitu gani kibebacho uzito wa lori mahali gurudumu linapokutana na habu? Wanafunzi wengi watasema kwamba uzito umening'inia juu ya bolti, kama koti lililotundikwa msumarini. Sivyo. Kazi ya bolti ni kulibana gurudumu juu ya habu. Msuguano baina ya nyuso hizo mbili ndio uzuiao gurudumu lisiteleze.

Nati ikizungushwa, huivuta bolti nayo hurefuka kidogo. Kwa kuwa chuma kina tabia ya springi, bolti hutaka kurejea urefu wake wa awali, na kwa kufanya hivyo hubana. Hebu tuchukue mfano. Malori mengi makubwa yana nati 10 kwa kila gurudumu, na bolti zenye kipenyo cha milimita 22. Tuseme kila nati imekazwa kwa momenti ya newtoni-mita 600. Wahandisi hukadiria kani ya bolti kwa kugawanya momenti kwa zao la kipenyo, katika mita, na namba itokanayo na msuguano, ambayo kwa hesi kavu ni karibu 0.2:

600 ÷ (0.2 × 0.022) = newtoni 136,000 hivi.

Hiyo ni sawa na uzito wa tani 14 hivi kwa bolti moja! Bolti zote 10 hubana kwa newtoni 1,360,000. Hata kama kizigeu cha msuguano baina ya gurudumu na habu ni 0.15 tu, msuguano huo waweza kuhimili newtoni 204,000, yaani tani 20, ilhali ekseli iliyobeba tani 10 huweka tani 5 tu kila upande.

Hata hivyo, springi hii ni fupi mno. Kama sehemu ya bolti inayovutwa ina urefu wa milimita 50, katika mfano wetu itarefuka kwa milimita 0.1 tu. Sasa tuchukulie kwamba baina ya gurudumu na habu limebaki tabaka la rangi, kutu au vumbi lenye unene wa milimita 0.05. Lori likienda, tabaka hilo husagika na kutoka. Bolti hufupika kwa kiasi hicho hicho, na nusu ya kani hupotea, ingawa nati haijazunguka hata kidogo!

Kani ikipungua, gurudumu huanza kucheza. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani, Gerhard Junker, alionyesha kwamba mchezo wa namna hii, unaokingamana na bolti, huweza kuifungua nati. Bolti nazo hupindwa mara maelfu, huchoka, kisha hukatika. Hapo gurudumu lenye kilo 100 hivi huchomoka na kumwendea yeyote aliye kando ya barabara.

Tumrudie utingo wetu. Mtu wa kilo 70 akisimama mita 1 kutoka kwenye nati hutoa momenti ya newtoni-mita 700 hivi, kiasi kinachozidi kidogo kile cha mfano wetu. Akiongeza bomba na kusimama mita 2, hutoa 1,400. Na akiruka, huzidisha zaidi. Kama hesi zimepakwa mafuta, msuguano hupungua na bolti huvutwa zaidi kwa momenti ile ile. Bolti iliyovutwa kupita kikomo cha mnyumbuko wake hairudi tena katika urefu wa awali. Basi anayekaza mno na anayekaza kidogo huishia pamoja.

Wenye malori wengine huweka nati yenye kufuli, isiyofunguka ila kwa ufunguo wake maalumu. Nati hiyo humzuia mwizi, haizuii mtikisiko. Hulegea kama nyingine, na dereva aliyeuacha ufunguo nyumbani hawezi kuikaza njiani.

Dawa ni rahisi. Nyuso zisafishwe vizuri. Nati zikazwe kwa kukingamana, si kwa kufuatana. Itumike spana yenye kipimo, kwa kiasi alichoagiza mtengenezaji wa gari. Kisha, baada ya kilomita 50 hadi 100, zikaguliwe na kukazwa tena, kwani huo ndio wakati ambapo matabaka yaliyobaki husagika.

Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi wake swali hili: utingo wa kilo 60 asimame umbali gani kutoka kwenye nati ili apate newtoni-mita 600? Mwanafunzi atakayepata jibu ataona kwamba bomba halikuhitajika.