Kwa Nini Kosa la Wodini Halisahauliki

Muuguzi mmoja, msomaji wa safu hii, ameuliza swali linalostahili jibu kamili. Alimpa mgonjwa dozi iliyozidi. Kosa likagundulika mapema, mgonjwa akapona, akarudi kwao. Mwaka umepita. Mbona kila akivuta dawa kwenye bomba la sindano mkono unamtetemeka, na usiku ule anauona upya, mpaka rangi ya kifuniko cha kichupa?

Dada yangu, huo si udhaifu. Ni ubongo unaofanya kazi yake barabara.

Mtu akishtuka, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Ajabu ni kwamba adrenalini haiupenyi kwa urahisi ukuta unaokinga ubongo. Hivyo huzunguka: huamsha neva ya vagasi, ambayo hupeleka habari kwenye shina la ubongo. Humo mna kifundo kidogo cha seli, chenye rangi ya samawati, kinachotoa noradrenalini ya ubongo wenyewe na kuifikisha kwenye amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulikia hisia. Amigdala ikishachangamka, huisukuma hipokampasi, sehemu inayounda kumbukumbu, ilishike tukio lile kwa nguvu kuliko matukio mengine ya siku hiyo.

Kazi hiyo haiishi papo hapo. Huendelea kwa saa nyingi. Nimeitafutia jina. “Uimarishaji” linanukia saruji, na “ukolezi” wameshalichukua wanakemia. Nachagua “ukoleaji”, kwa sababu kumbukumbu hukolea kama hina. Ukiibandua mapema, rangi ni hafifu. Ukiidondoshea maji ya ndimu na sukari ili isikauke haraka, inapata muda wa kuzama ngozini. Hata ukishaikwangua, usiku mzima rangi inazidi kuiva, na asubuhi chungwa limekuwa wekundu mzito. Adrenalini ndiyo ndimu na sukari ya kumbukumbu. Nayo haichagui ua la kukoleza: kichupa, sauti ya kengele, jicho la msimamizi wa zamu, vyote hukolea pamoja.

Mwaka 1994 Larry Cahill, James McGaugh na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, waliwaonyesha watu picha zenye kisa cha mtoto aliyegongwa na gari. Wengine walikuwa wamemeza propranololi, dawa ya presha inayozuia kazi ya homoni hizo. Wengine kidonge kisicho na dawa. Baada ya wiki moja, wa kidonge kitupu waliikumbuka sehemu ya ajali vizuri kuliko sehemu tulivu. Wa propranololi hawakuwa na tofauti hiyo.

Sasa fikiria saa zinazofuata kosa. Kumbukumbu bado inakolea, na ndizo saa za minong’ono. Daktari Albert Wu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins aliyaeleza hayo mwaka 2000: alipokuwa daktari kijana, mwenzake alishindwa kutambua kwenye kipimo cha umeme wa moyo kwamba moyo wa mgonjwa umebanwa na majimaji. Habari zikaenea, wenzake wakamhukumu kuwa hafai. Wu alimwita mhudumu wa namna hiyo mwathirika wa pili. Mwaka 2019 baadhi ya familia za wagonjwa walilipinga jina hilo, na wana hoja: mgonjwa ndiye wa kwanza kuhudumiwa na kuambiwa ukweli.

Akishahudumiwa, kuna deni la pili, kwa mhudumu aliyekosea. Mwaka 2009 Susan Scott na wenzake wa Chuo Kikuu cha Missouri walichapisha mahojiano na wahudumu 31. Waliona hatua sita, kuanzia vurugu ya mwanzo mpaka njia panda ya mwisho: wapo wanaoacha kazi, wanaobaki wakiwa wamevunjika, na wanaoinuka wakiwa bora zaidi. Chuo hicho kina kikosi cha wahudumu waliofunzwa kumkalia karibu mwenzao aliyekosea. Johns Hopkins nako kuna mpango wa aina hiyo tangu 2011.

Wodi zetu haziwezi kungoja bajeti kwa hili. Msimamizi wa zamu ampokelee muuguzi wagonjwa wake waliobaki, amtafutie mwenzake mzoefu wa kukaa naye, kisha amwambie waziwazi nani atamhoji, lini, na kuhusu nini. Uchunguzi wa kosa ufanyike, tena kwa kina. Kumdhalilisha aliyekosea si sehemu ya uchunguzi huo, na humfundisha kila anayetazama kulificha kosa lake litakapofika.