Cheti cha Saa 120 Hakitakufikisha Japani

Wiki hii wamenijia wanne. Wa nne alikuja na cheti chenyewe mkononi, kimetiwa plastiki, kina muhuri wa rangi ya dhahabu, na jina lake limekosewa herufi moja. Amekilipia shilingi 38,000 za Kenya kwa simu. Swali lake ni lile lile la wenzake: "Mwalimu, hiki cha saa 120 kinatosha kwenda kufundisha Kiingereza Japani, au niongeze cha 180?"

Usiongeze. Hata hicho ulicho nacho hakuna aliyekuomba.

Nilifundisha Japani miaka mitatu, na tangu nirudi Mombasa watu huniletea karatasi zao nizipitie. Bado sijaona ombi la ukaazi lililookolewa na cheti cha intaneti. Kanuni ya uhamiaji kwa mwalimu msaidizi wa lugha shuleni inataka shahada au leseni ya ualimu, kisha inauliza: umesomeshwa kwa lugha hiyo miaka isiyopungua 12? Soma vizuri. Kusomeshwa KWA Kiingereza, yaani hesabu, sayansi na historia kwa Kiingereza. Kile kipindi kimoja cha Kiingereza kwa siku hakihesabiki.

Sasa tupige hesabu. Mkenya wa 8-4-4, hata ukimwondolea madarasa matatu ya kwanza ya lugha ya nyumbani, ana mitano ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu: 13. Amepita. Mtanzania aliyesoma msingi kwa Kiswahili anaanzia kidato cha kwanza: minne, miwili, kisha mitatu ya chuo. Tisa. Saa 120 ni siku tano. Zijumlishe, upate miaka tisa na siku tano.

"Lakini fulani alienda nacho." Fulani alienda na shahada yake, cheti kilikuwa ndani ya begi.

Kuna wanaokimbilia Korea Kusini wakidhani huko ni rahisi. Viza ya E-2 wanayopewa walimu wa Kiingereza huanza na pasipoti: Marekani, Kanada, Uingereza, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Yako haimo, na muuza vyeti hawezi kukubadilishia uraia. Muulize kama analijua hilo. Akijua, amekunyamazia, asipojua, anakufundisha nini?

Sisemi mafunzo ni upuuzi. Cheti cha CELTA cha kufundisha Kiingereza nacho kina saa zisizopungua 120, ila ndani yake mna saa sita za kusimama mbele ya wanafunzi halisi huku mkufunzi amekaa nyuma anaandika makosa yako. Huyu kijana wa muhuri wa dhahabu nilimwambia anifundishe tofauti ya L na R kana kwamba mimi ni mtoto wa miaka 12. Akatoa simu, akaanza kutafuta slaidi. Darasani kule una watoto thelathini na kitu, mwalimu Mjapani ndiye mwenye kipindi, na kazi yako asubuhi nzima huenda ikawa kusoma sentensi moja kwa sauti, darasa liitikie, mpaka kengele ilie. Ukishindwa kuisoma mara ya ishirini kwa uso mkunjufu, slaidi haitakusaidia.

Basi, njia zenyewe. Mpango wa serikali ya Japani uitwao JET, ulioanza 1987: unaombwa kupitia ubalozi, haulipiwi ada ya maombi, mkataba ni wa mwaka mmoja na unaweza kurudiwa hadi mitano. Uliza ubalozini kama nchi yako inachukuliwa mwaka huu. Kampuni zinazopeleka walimu shuleni: kanuni ni ile ile ya miaka 12. Shule binafsi za mazungumzo, eikaiwa: ukaazi wake ni wa aina nyingine, mwenye shahada hadaiwi miaka hiyo 12, kwa hiyo Mtanzania wangu wa miaka tisa abishe hodi hapo, akijua wenye shule wanachagua sana. Kwa wanaodaiwa miaka 12, kila shule uliyosoma ikuandikie barua inayotaja lugha ya kufundishia. Yangu ya kwanza ilisema tu kwamba nilikuwa "mtoto mwenye nidhamu", nikairudisha. Cheti cha ustahiki wa ukaazi huombwa na mwajiri akiwa Japani, na kikitoka kina miezi mitatu tu. Dalali anayekuuzia hicho mapema ni mwizi. Weka akiba ya miezi miwili, mshahara wa kwanza huchelewa. Ukiondoka kabisa, dai michango yako ya pensheni kabla ya miaka miwili kwisha.

Na beba viatu vya kuvaa ndani ya shule, kwa sababu vya nje huachwa mlangoni. Mimi navaa namba 45. Muhula wote wa kwanza nilifundisha kwa ndara za wageni, visigino viko sakafuni.