Kibanda cha gemu: Wateja hawafuati mashine tu

WAFANYABIASHARA wadogo wanaotaka kufungua kibanda cha gemu jijini Mwanza hufikiria kwanza runinga, mashine ya PlayStation na pedi. Hata hivyo, vifaa hivyo kila mwenye mtaji anaweza kuvinunua. Kinachomfanya mteja avuke vibanda viwili kwenda cha tatu ni utamu wa mchezo, na utamu huo hautoki kwenye mashine peke yake.

Mfano mzuri ni bao, lenye mashimo 32 na kete 64. Hayati Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama mkoani Mara, alijulikana kwa kulipenda. Watu hawalizunguki bao kwa sababu ubao ni mpya, bali wanataka kuona nani atamzidi mwenzake akili.

Gemu za mpira nazo ni hivyo hivyo. PlayStation 2, iliyoanza kuuzwa mwaka 2000, ilinunuliwa zaidi ya mashine milioni 150 duniani. Picha zake ni hafifu ukilinganisha na za mashine za leo, lakini vijana wawili wanaolingana uwezo wanaweza kushindana juu yake hadi usiku.

Jambo la kwanza, basi, ni mpinzani. Anayefungwa mabao sita kila siku hukata tamaa, na anayeshinda bila jasho huchoka. Mwenye kibanda awajue wateja wake, na anayejifunza ampangie mwenzake anayejifunza.

La pili ni haki. Zamu ziandikwe kwenye daftari, na pedi yenye kitufe kibovu iondolewe. Aliyefungwa kwa sababu ya pedi hakubali kwamba ameshindwa, na ugomvi hufukuza wateja.

La tatu ni watazamaji. Benchi moja nyuma ya wachezaji, pamoja na utani wa Simba na Yanga, huongeza joto la mchezo. Simu inaweza kumpa kijana gemu akiwa nyumbani, lakini haimpi benchi hilo. Aidha, wanaosubiri zamu hununua soda na karanga.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme mchezo mmoja ni dakika 10 kwa Sh500. Kwa saa moja mashine inaingiza Sh3,000. Ikikaa bure saa mbili kila siku, kwa siku 30 mwenye kibanda anakosa Sh180,000.

Kalenda ya ziwa nayo isisahaulike. Wavuvi wa dagaa hutumia taa, hivyo wakati wa mbalamwezi wengi hupumzika. Kibanda kilicho karibu na mwalo kinaweza kupanga mashindano katika siku hizo.

Pamoja na hayo, mchezo usigeuzwe kamari. Michezo ya kubahatisha inasimamiwa na sheria ya mwaka 2003, inahitaji leseni, na walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kuicheza. Wanafunzi nao wasipokelewe saa za masomo, kwani mzazi akikasirika biashara inaweza kufungwa.

Kabla ya kukopa fedha za mashine mpya, ni vyema mfanyabiashara aangalie kwa wiki moja nani anarudi, nani harudi, na kwa nini. Huenda akagundua kuwa kinachohitajika ni pedi nzima, benchi na daftari la zamu.