Cessna 172: Ndege Ndogo Iliyorudishwa na Sheria

Kijana wa kwetu akijiandikisha katika chuo cha urubani, iwe Uingereza, Marekani au Nairobi, huenda akaikuta uwanjani ndege ndogo ya viti vinne, mbawa zake zimekaa juu ya chumba na gurudumu moja liko chini ya pua. Hiyo ni Cessna 172. Zimeundwa zaidi ya 44,000, na hapana ndege nyingine duniani iliyofikia idadi hiyo. La kustaajabisha ni kwamba ndege iliyopendwa kiasi hicho iliwahi kuachwa kuundwa kwa miaka kumi.

Asili yake ni Cessna 170, iliyotoka mwaka 1948 katika kiwanda cha Wichita, jimbo la Kansas, Marekani. Hiyo ilikuwa na magurudumu mawili mbele na kijigurudumu mkiani. Ikiwa chini, pua huinuka na kumziba rubani asione mbele. Tena kitovu cha uzito wake kilikuwa nyuma ya magurudumu makubwa. Ilipoyumba wakati wa kutua, uzito ule uliusukuma mkia upande, na mwanafunzi asipowahi kuirekebisha, ndege iligeuka nzima. Waundaji wakalihamisha gurudumu la tatu kutoka mkiani hadi puani. Kitovu cha uzito kikawa mbele ya magurudumu makubwa, na ndege iliyoyumba ikawa yajinyosha yenyewe.

Ndege hiyo mpya iliruka mara ya kwanza Juni 1955, ikaanza kuuzwa mwaka 1956. Mwaka huo pekee ziliundwa zaidi ya 1,400, ilhali Cessna 170 zilifikia elfu tano na ushei katika uhai wake wote. Mabadiliko yaliyofuata yalikuja polepole: mkia ulioinamia nyuma mwaka 1960, dirisha la nyuma mwaka 1963, na injini ya Lycoming ya nguvu za farasi 150 mwaka 1968. Uimara wake ulikwisha kudhihirika mapema. Kuanzia tarehe 4 Desemba 1958 hadi 7 Februari 1959, marubani Robert Timm na John Cook walikaa angani juu ya jangwa la Nevada na majirani zake kwa zaidi ya siku 64 bila kutua, wakivuta mafuta na chakula kutoka kwenye lori lililokwenda mbio chini yao.

Basi kilichoisimamisha ni nini? Wanunuzi walipungua, na pamoja na hilo kulikuwa na kesi. Ndege hudumu miaka mingi na hupita mikononi mwa wengi. Ilipoanguka ndege ya miaka thelathini, muundaji aliweza kushtakiwa kana kwamba ameiuza jana. Gharama za bima na mawakili zikapandishwa juu ya bei ya kila ndege mpya. Mwaka 1978 viwanda vya Marekani viliuza karibu ndege ndogo 18,000. Mwaka 1994 hazikutimia 1,000. Cessna 172 iliachwa kuundwa mwaka 1986.

Agosti 1994 Rais Clinton alitia saini sheria iliyoweka ukomo wa miaka 18: ukipita, muundaji hashtakiwi kwa ajali inayotokana na ndege hiyo. Kipuri kipya huhesabiwa miaka yake upya, na muundaji aliyeficha kasoro mbele ya serikali hana kinga. Cessna ilikuwa imeahidi kurudi sheria ikipita, nayo ikatimiza: mwaka 1996 kiwanda kipya kilifunguliwa mjini Independence, Kansas.

Wako waliolalamika kwamba mjane wa abiria aliyekufa katika ndege ya miaka ishirini amefungiwa mlango wa haki, na lalamiko hilo si jepesi. Lakini muundaji naye, je, awajibike milele kwa chombo ambacho wengine wamekitengeneza, wamekichakaza na pengine wamekipuuza? Bunge lilipaswa kuchora mstari mahali fulani, likauchora kwenye miaka 18. Mzazi anayempeleka mwanawe urubani na azingatie jambo moja: ndege ikishazeeka, usalama wake umo zaidi mikononi mwa fundi anayeikagua na mwenye chuo anayemlipa. Aulize daftari la matengenezo kabla ya kuuliza ada.