Kiwanja cha Mashahidi cha Kinshasa: mashahidi gani?



Léopards wakicheza Kinshasa, sisi wa mashariki tunasikia redioni jina la Stade des Martyrs kila mara. Lakini tunapouliza vijana katika vikao vyetu ni mashahidi gani, wengi hujibu: wale wa tarehe 4 Januari 1959, waliodai uhuru. Sivyo.

Mwaka 1966, Mobutu alikuwa na miezi sita tu madarakani. Usiku wa Pentekoste, tarehe 29 kuamkia 30 Mei, wanasiasa wanne walikamatwa kwa shitaka la kutaka kumpindua: Évariste Kimba, mwana wa Katanga aliyekuwa Waziri Mkuu, pamoja na Jérôme Anany, Emmanuel Bamba na Alexandre Mahamba, waliokuwa mawaziri. Mahakama ya kijeshi iliwahukumu upesi upesi. Tarehe 2 Juni walinyongwa hadharani karibu na Pont Cabu, maelfu ya watu wakitazama, hata akina mama na watoto.

Hapo ndipo kiwanja kilijengwa kwa msaada wa China, kuanzia mwaka 1988, kikafunguliwa mwaka 1994 chenye nafasi ya watu 80,000 hivi. Kikaitwa Kamanyola. Sisi wa Kivu tunaijua Kamanyola, kwenye barabara ya Bukavu na Uvira, ambako Mobutu alijisifia vita vya mwaka 1964 dhidi ya waasi. Basi aliyenyonga ndiye aliyetukuzwa juu ya mahali pa kunyongea! Familia za marehemu zilipaswa kupita hapo na kunyamaza.

Mwaka 1997 utawala wa Laurent-Désiré Kabila uliondoa jina hilo, ukawarudishia wale wanne heshima yao. Tulifurahi. Hata hivyo tunaona jambo lilibaki nusu: jina lilikuja kwa amri ya mshindi wa vita, kama lile la kwanza, na raia hawakupewa nafasi ya kuzungumza juu ya yaliyotendeka mwaka 1966.

Tarehe 29 Oktoba 2022 watu 11 walikufa hapo katika msongamano wa tamasha la muziki. Kisha kiwanja kilitengenezwa kwa ajili ya Michezo ya Francophonie, iliyofunguliwa humo Julai 2023. Majani na viti vilipata mafundi.

Walimu na viongozi wa timu za vijana, tunawaomba: kabla ya mechi ijayo ya Léopards, wasomeeni watoto majina yale manne.